Tende ilifika, jibini ikabaki njiani

Mgeni akiingia kwenye nyumba ya watu Batsinda, mtaa wa Kigali, swali la kwanza atakaloulizwa ni anakunywa nini. Kuna Fanta, bia, chai ya maziwa, na ikivuguto, maziwa mgando, kama wenyeji ni watu wa ng'ombe. Chakula hakina haraka. Kitakuja kikiwa kimekamilika, mikono ikiwa imenawishwa, na kati ya kinywaji na chakula hapana kinachotafunwa, labda karanga tu. Halafu unatokea wewe, umekuja likizo kutoka Brussels au Ottawa, na kichwani umebeba mazoea ya huko: wageni hawajakaa sawasawa, tayari sahani inazunguka. Tende zilizopasuliwa na kujazwa jibini ya mbuzi. Vipande vya nanasi kavu vilivyopakwa jibini hiyo hiyo. Wifi yangu nilipomwekea sahani ya namna hiyo aliizungusha, akaitazama pande zote, akauliza: "Wifi, hiki ni chakula au mapambo?"

Swali zuri, na nyuma yake kuna dhana ambayo wengi tunayo: kwamba haya ni mambo ya Wazungu, tumeyaokota Ulaya tunakuja kujionyesha nayo nyumbani. Mimi ni mtoto wa Kigoma, nimeolewa Rwanda, naishi Ubelgiji, na dhana hiyo siikubali. Kula tende pamoja na maziwa ya mbuzi yaliyoganda ni mambo ya Ghuba. Kule Oman wana jibini laini inayoitwa kami, na majirani zao wa Emirati wana chami. Zote hutengenezwa kwa maziwa yaliyokwisha kusukwa na kutolewa siagi: yanapashwa moto taratibu hadi yakatike, yanachujwa kwenye kitambaa, yanatiwa chumvi. Maziwa yenyewe huwa ya ng'ombe au ya mbuzi, kutegemea nyumba ina nini bandani. Na chami huliwa na tende. Hakuna mpishi wa Paris aliyekwenda kuwafundisha.

Kwa hiyo sahani ile ilikuwa na nafasi ya kutufikia kwa njia ya baharini, karne nyingi kabla ya kutufikia kwa ndege. Nusu yake ilifika kweli. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji maelezo.

Tuanze na ile iliyofika. Mitende ya Ghuba huvunwa wakati wa joto, kuanzia Juni hivi hadi Oktoba. Tende zikishakauka na kushindiliwa kwenye makanda, upepo wa kaskazi nao unakuwa umekaribia, na majahazi yanashuka nao hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakisubiri kusi ya kuyarudisha na boriti za mikoko. Kalenda ya mtende na kalenda ya pepo zililingana, na biashara ikasimama juu ya mlingano huo. Kutoka pwani, misafara ikapanda hadi Tabora na Ujiji. Tende haiozi kirahisi, sukari yake inailinda, na ukiishindilia vizuri inavumilia miezi. Jibini mbichi ya mbuzi kwenye joto la Bagamoyo haimalizi hata wiki.

Rwanda ilichelewa. Misafara ya Waswahili haikuingia ovyo katika ufalme huo, maana mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, na watu wake hawakuwa na haja ya wageni wenye bunduki kuzurura nchini. Kiswahili kiliingia hasa na Wajerumani, kwa midomo ya askari, makarani na wachuuzi waliowafuata. Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, na kufikia 1913 ulikwisha kujengwa msikiti wa Al-Fatah kule Nyamirambo. Mtaa wa Biryogo, chini yake kidogo, hadi leo ndio mahali pa kwenda ukitaka tende, kahawa na mtu wa kukuamkia "shikamoo" katikati ya Kigali. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wazee wa Biryogo hawakuwa na la kujifunza. Walikuwa nacho siku zote. Mwezi wa Ramadhani tende hazikosekani pale, na hata mtu wa Batsinda asiyefunga hupanda basi kwenda kuzinunua kwa sababu anazipenda.

Batsinda yenyewe haina uzee huo. Iko kaskazini ya jiji, kata ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, na jina lake lilianza kusikika sana mwaka 2008 hivi, zilipojengwa nyumba za bei nafuu kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, na kukaletwa familia zilizoondolewa Kiyovu ya chini, karibu kabisa na katikati ya mji. Watu waliozoea kutembea kwa miguu hadi sokoni wakajikuta wanahesabu nauli. Tangu hapo mtaa umejaa, nyumba za watu binafsi zimepanda hadi juu ya vilima, na jioni ukishuka kwenye basi harufu inayokupokea ni ya brosheti za mbuzi kwenye mkaa.

Na hapo ndipo penye fundo. Mbuzi yupo Batsinda, yupo Rwanda nzima, ila yupo kwenye mshikaki. Utumbo wake uliosukwa na kuchomwa, zingalo, una mashabiki wasiotaka kusikia kingine. Ila umuulize muuza brosheti kama amewahi kunywa maziwa ya mbuzi, atakutazama vibaya.

Sababu ni ng'ombe. Katika Rwanda ya zamani maziwa maana yake ni maziwa ya ng'ombe, yaliyokamuliwa kwenye icyansi, chombo cha mti chenye mfuniko wa kusukwa, na siagi ikasukwa kwenye kibuyu kinachoitwa igisabo. Mahari ilikuwa ng'ombe. Urafiki mkubwa ulifungwa kwa ng'ombe. Mbuzi alikuwa akiba ya mtu mdogo, anafungwa kamba kando ya shamba, anauzwa mtoto akiugua au ada ya shule ikifika, na hakuna aliyemtungia mashairi kama ng'ombe walivyotungiwa. Wanawake walikatazwa hata nyama yake: ilisemwa mwanamke akiila ataota ndevu na kuwa mkaidi. Mama mkwe wangu anacheka akisimulia hilo, lakini nyama ya mbuzi hali. Nimeacha kumuuliza kwa nini.

Tena kuna jambo ambalo watu wa nje hawalifikirii. Pamoja na ng'ombe wote hao, Rwanda haikuwa na jibini. Maziwa hayakuwekwa motoni. Iliaminika kuyachemsha kunamdhuru ng'ombe aliyeyatoa, anaweza hata kukatika maziwa. Yaliachwa yagande yenyewe yawe ikivuguto. Na jibini nyingi za haraka, zile zinazofanywa nyumbani bila vifaa, zinahitaji moto. Mwiko mmoja ukatosha kufunga mlango wa ufundi mzima.

Jibini iliingia na wamisionari na wakoloni Wabelgiji. Kwenye milima ya Masisi, upande wa pili wa Ziwa Kivu, walifundisha aina ya gouda inayoiva polepole kwenye baridi, na leo "fromaji" ya Masisi ni zawadi ambayo mtu wa Goma hawezi kukutembelea bila kuibeba. Upande wa Rwanda, viwanda vidogo vya Gishwati, kule Nyabihu na Rubavu, vinatengeneza gouda za namna hiyo hiyo, duara za manjano zenye ngozi ya nta. Ni jibini nzuri, na zote ni za ng'ombe. Ukiingia duka la Kigali ukasema "jibini", hiyo ndiyo utakayopewa.

Kwa nini basi nisitumie gouda nikamaliza? Unaweza. Kata vijiti, weka juu ya nanasi, wageni watafurahi. Ila ni sahani nyingine. Gouda ni tamu-tamu yenyewe, na tende ni tamu. Unaweka utamu juu ya utamu. Jibini mbichi ya mbuzi ina uchachu na chumvi, na mwishoni ina kale kaharufu ka mnyama kanakosimama kidete mbele ya sukari. Kaharufu hako hutokana na aina ya asidi za mafuta ambazo maziwa ya mbuzi yanazo kwa wingi kuliko ya ng'ombe, na huzidi beberu akifugwa karibu na majike au maziwa yakikaa bila kupozwa. Wanaosema hawapendi maziwa ya mbuzi mara nyingi walionjeshwa ya banda chafu.

Maziwa hayo utayapata wapi? Mbuzi wetu wa kienyeji si wa kulaumiwa, lakini hakukusudiwa kwa kazi hii: anatoa nusu lita kwa siku au pungufu, na mtoto wake anaihitaji. Jike la Saanen au la Alpine likitunzwa vizuri linafika lita 3 na zaidi. Mbuzi wa namna hiyo wameletwa Afrika Mashariki kwa miradi tangu miaka ya 1980. Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ilipata mbuzi wa Norway kwa usimamizi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na Nyeri, Kenya, ikapata wa Ujerumani. Rwanda nayo imekuwa na miradi ya kugawa mbuzi wa maziwa kwa kaya zenye vishamba vidogo, ingawa mpango uliosifika ni wa ng'ombe, Girinka, ulioanza mwaka 2006. Kwa mtu mwenye robo ekari mbuzi anaingia akilini zaidi kuliko ng'ombe. Kwa mtu anayetaka heshima ya jirani, hapana. Nadhani hii ya pili ndiyo inayoamua, na ndiyo maana Kenya, ambako mbuzi hana kesi ya kujibu, kuna kiwanda cha Browns pale Limuru kinachotengeneza jibini tangu 1979, ya mbuzi ikiwemo, wakati Kigali inabidi umwulize mtu anayemjua mtu.

Ukimpata mfugaji, agiza lita 2 na uzichukue asubuhi na mapema. Usile jibini ya maziwa mabichi, hata kama huko ughaibuni umeizoea: brusela ipo kwenye mifugo ya eneo letu na ni ugonjwa unaokaa mwilini muda mrefu. Pasha maziwa kwenye sufuria pana hadi pembeni yaanze kuchemka vitone vidogo, nyuzi 85 hivi kama una kipimo. Kigali iko juu, kama mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo maziwa yatakupandia ghafla kuliko ulivyozoea Brussels, usiondoke. Epua, mimina maji ya ndimu vijiko vinne hivi huku ukikoroga taratibu mara moja mbili, kisha acha. Hapa ndipo nipapendapo. Kwa dakika moja hakuna kinachotokea, halafu maziwa yanaanza kuwa na punje kama za uji ulioharibika, na kati ya punje panaonekana maji ya rangi ya kijani-manjano. Mabonge ya mbuzi ni madogo na laini kuliko ya ng'ombe, usitegemee madonge makubwa. Chuja kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, ning'iniza juu ya bakuli usiku kucha ndani ya friji. Asubuhi utakuta donge jeupe kabisa, maana mbuzi hana ile rangi ya manjano ya maziwa ya ng'ombe. Tia chumvi, ponda kwa uma, na kama ni kavu mno rudishia kijiko cha maji yake.

Matunda sasa. Tende za Biryogo huwa za kila namna. Chagua laini, zisizong'aa mno, maana mng'ao wakati mwingine ni sharubati iliyopakwa. Pasua upande mmoja, toa kokwa, jaza. Nanasi kavu lina habari yake. Kule Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Fruits of the Nile ilianza kununua nanasi na ndizi zilizokaushwa na wakulima kwenye makaushio ya jua na kuziuza Uingereza. Rwanda kuna ushirika wa Tuzamurane, wilayani Kirehe, unaokausha nanasi zisizotiwa kemikali na kuzipeleka Ufaransa. Matokeo yake ni kichekesho cha aina yake: wengi wetu nanasi kavu la kwetu tuliliona kwanza kwenye rafu ya duka la Ulaya, kwenye kipaketi cha gramu 100, kwa bei ya nanasi zima sokoni Kimironko. Zaidi ya asilimia 80 ya nanasi bichi ni maji. Yakitoka, kinachobaki ni sukari, uchachu na nyuzi. Kata vipande kwa mkasi, kisu kitakukasirisha.

Tahadhari moja ambayo vitabu vya mapishi husahau. Nanasi lina kimeng'enya, bromelaini, kinachovunja protini. Ndiyo maana likikaa mdomoni ulimi unawasha, na likichanganywa bichi na maziwa huyafanya machungu. Kukausha kwa jua hakulifikishi kwenye joto la kukiua chote, hivyo kingine huweza kubaki. Paka jibini juu ya nanasi wageni wakiwa wameshafika. Tende hazina shida hiyo, zijaze hata asubuhi.

Juu ya tende naweka kipande cha makadamia, ambayo Rwanda inalima, au karanga zilizokaangwa. Juu ya nanasi naweka Akabanga. Wasiojua: ni mafuta ya pilipili kwenye kichupa kidogo cha kudondosha, yanatengenezwa Nyirangarama, kwenye barabara ya kwenda Musanze, na Mnyarwanda wa ughaibuni huwa nayo hata kwenye mkoba. Tone moja kwa kipande, ukitaka mgeni aendelee kuongea na wewe. Asali ya Nyungwe inafaa kwa wasiopenda pilipili, kidogo tu, sukari imeshatosha.

Kuna mjadala kati yangu na mume wangu kama wageni waambiwe jibini ni ya mbuzi. Yeye anasema nyamaza, waonje kwanza, wakiipenda ndiyo uwaambie. Mimi nasema hapana. Mtu mzima aliyelelewa kwenye mwiko ana haki ya kujua anakula nini kabla ya kuamua kuuvunja, hasa bibi mwenye miaka 70 aliyekuja kukuona wewe. Kwa hiyo naanza na kinywaji kama desturi inavyotaka, napeleka sahani kwa wakubwa kwanza nikisema wazi ni nini, na kando naweka sahani ndogo ya tende zilizojazwa karanga tupu. Sizunguki na sinia watu wakiwa wamesimama. Zamani kula mbele za watu ilikuwa aibu kwa mtu mzima Rwanda, na ingawa brosheti zimeshafuta sehemu kubwa ya aibu hiyo, bado wapo wasiostarehe kutafuna kitu huku wamesimama ukumbini. Wakae, wapewe vijiti vya meno na leso za karatasi, sahani ikae mezani.

Vijana humaliza za Akabanga kwanza. Wazee wa kiume wanakula tende wanaacha nanasi. Mama mkwe alikula tatu, akaniambia ndevu zake zikiota nitazinyoa mimi.

Mwisho, mzigo wa kurudi. Ukitoka Ulaya kuja Kigali usifungashe tende wala jibini kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na itabaki uwanja wa ndege. Ukirudi Ulaya, jibini usiichukue kabisa, iwe ya Gishwati, ya Masisi au uliyoichuja mwenyewe, kwa sababu Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa na mazao yake kutoka nchi kama zetu. Matunda mabichi nayo tangu Desemba 2019 yanatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, ndizi, nazi, durian na tende. Mawili kati ya hayo ndiyo sahani yetu. Nanasi beba, kavu na bichi. Jibini ya mbuzi utainunua ukifika.